Picha Iliyozungushwa na Ubishi Kuhusu Nafasi

Katika maktaba ya GDI+ ya Windows, picha huzungushwa kwa njia mbili. Amri ya RotateFlip hupanga upya pikseli za picha yenyewe. RotateTransform haiigusi picha: inageuza mihimili ya kuchorea, kisha picha inachorwa juu yake kama kawaida. Anayetazama skrini huona picha imelala ubavu, basi. Je, kugeuza kitu na kugeuza nafasi ambamo kimo ni mambo mawili kweli?

Wanafalsafa Leibniz na Samuel Clarke walilibishania swali la namna hii kwa barua mwaka 1715 na 1716. Kwa Leibniz, nafasi ni uhusiano wa vitu tu. Lau Mungu angeuumba ulimwengu huuhuu huku mashariki na magharibi zimebadilishana, vitu vikibaki na mpangilio wao, hali hizo mbili zisingetofautiana kwa lolote. Zingekuwa hali moja. Clarke, mtetezi wa Newton, alijibu kwamba nafasi ipo hata pasipo vitu, na kwamba hiari ya Mungu yatosha kuwa sababu.

Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikizungushwa nyuzi 90 huwa 3000 kwa 4000. Pikseli zote milioni 12 zipo, na mizunguko minne huirudisha ilivyokuwa. Hapo Leibniz yuko salama. Lakini izungushwe nyuzi 1 tu: karibu kila pikseli huangukia kati ya vyumba vya gridi, na programu hulazimika kukadiria rangi, mara nyingi kwa wastani wa pikseli nne jirani. Mstari mweusi uliokatwa vizuri huota kingo za kijivu, na hata ukirudishwa nyuzi 1 nyuma, ukijivu hautoki. (Ndiyo sababu programu makini hutunza picha ya asili na kuhifadhi pembe peke yake.) Nafasi ya skrini, basi, ina mielekeo yake kabla picha haijawekwa. Huo ni ushindi wa Clarke, ingawa mdogo: gridi hiyo imetengenezwa na watu, na haithibitishi lolote kuhusu nafasi ya ulimwengu.

Hoja nzito zaidi imo katika orodha ya RotateFlip. Ina majina 16, lakini matokeo 8 tu; Rotate180FlipXY, kwa mfano, ni sawa na kutofanya kitu. Manne hupatikana kwa kuzungusha, manne yanayobaki huhitaji kupindua kama kwenye kioo. Herufi R iliyopinduliwa haiwi R tena kwa pembe yoyote, ijapokuwa umbali kati ya nukta zake haukubadilika hata kidogo. Mwaka 1768 mwanafalsafa Kant alitumia mkono wa kulia na wa kushoto kudai kwamba mahusiano ya sehemu hayatoshi kueleza umbo. Mwaka 1783 aliirudia mifano ya aina hiyo kwa hitimisho jingine: nafasi ni namna ya binadamu ya kuhisi vitu. Hata hivyo, R ya karatasi hupinduliwa kwa kuinuliwa kutoka mezani, na mwaka 1827 mwanahisabati August Möbius alieleza kwamba maumbo ya vipimo vitatu yangehitaji kipimo cha nne ili yapinduliwe vivyo hivyo.