Yeye Aliyeuwasha Moto

Katika Kutoka 22:6 Musa aagiza neno lililo wazi: moto ukishika miiba hata ukateketeza nafaka ya mtu, yeye aliyeuwasha hana budi kulipa. Je! Akiwa ameuwasha kwa amri, naye amevaa nguo za Serikali, nani atalipa?

Twauliza kwa sababu jambo hili limetokea katika nchi yetu ya Mara. Mwezi wa Oktoba 2001 watu wa Nyamuma, wilaya ya Serengeti, waliondoshwa katika ardhi iliyosemwa kuwa ya hifadhi ya wanyama, na nyumba zao zikachomwa. Wenye mashtaka walikuwa 135. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikawapeleka mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wakimshtaki mkuu wa wilaya na mkuu wa polisi, pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwaka 2004 Tume ikaona ya kuwa haki zao zilivunjwa, ikataka walipwe fidia. Serikali ikakataa. Shauri likaenda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani, rufani namba 88 ya 2006, nayo ikasema kwamba mapendekezo ya Tume yaweza kutiwa nguvu na mahakama. Hata rufani hiyo ipate namba, mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya moto alikuwa amekwisha kujua kuchunga mbuzi.

Sheria ya 1967 juu ya mashauri ya Serikali yakubali kwamba Serikali ishtakiwe kwa kosa la mtumishi wake kazini. Ni jambo jema, wala tusilinung'unikie. Mshahara wa askari ungejenga nyumba ngapi? Lakini hazina ni nini? Ni kodi ya mwuza ng'ombe wa Mugumu na ya mama auzaye ndizi Tarime, hata ya huyo aliyechomewa nyumba. Fidia ikitoka humo, mtoa amri aweza asipungukiwe hata shilingi moja, akalala usingizi akidhani deni lake limekwisha.

Mtu atasema, Je! Si Kristo aliyelipa deni zetu? Naam, mbele za Mungu amelipa, wala hatuongezi kitu. Lakini jirani bado hana paa. Zakayo alipokelewa bure, kabla hajatoa hata senti. Ndipo akaahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Naye alikuwa mtoza ushuru, chini ya utawala wa Rumi! Angaliweza kuwaambia watu waende kwa Kaisari. Alifungua mfuko wake mwenyewe.

Enyi walimu, askari, watendaji wa vijiji na walinzi wa hifadhi wamo katika sharika zetu, nao ni ndugu zetu. Mmoja wao akija kuungama neno la namna hii kabla ya kukaribia meza ya Bwana, msimwambie angojee hukumu ya mahakama. Fuataneni naye mpaka mlangoni pa mtu yule, awe na fedha mkononi au asiwe nazo.