Je, Kujicheka Ni Kujirekebisha?

Wahenga walisema: Mganga hajigangi. Mtu hujua dawa ya ugonjwa wa jirani, lakini ugonjwa wake mwenyewe humshinda. Leo tuwatazame watu wa kazi moja waliojaribu kujiganga mbele ya macho ya wote, na dawa yao ilikuwa kicheko. Watu hao ni watu wa sinema, katika nchi ya Ufaransa.

Tarehe 14 Mei 2024, katika mji wa Cannes kando ya bahari, ilifunguliwa sikukuu kubwa ya sinema, ile iliyofanyika mara ya kwanza mwaka 1946. Huko watu mashuhuri hupita juu ya zulia jekundu, na wapiga picha huwaita kwa majina. Jioni hiyo ya kufungua ilionyeshwa sinema ya kuchekesha iitwayo Le Deuxième Acte, maana yake Tendo la Pili. Aliyeitunga ni Quentin Dupieux, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1974. Desturi yake ni kuandika hadithi, kuongoza wachezaji, kushika kamera na kuunganisha picha, yote yeye mwenyewe. Sinema hiyo ni fupi, yapata dakika 80. Nayo inamcheka nani? Inawacheka watu wa sinema.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana David anapendwa na msichana Florence, wala yeye hamtaki. Anamleta rafiki yake Willy ili msichana ampende huyo badala yake. Florence naye anamleta baba yake, Guillaume, aje amwone mchumba. Wote wanne wanakutana katika mkahawa mmoja ulio peke yake kando ya barabara. Hadi hapo hakuna jipya. Lakini mara wachezaji wanaacha maneno waliyopewa, wanaanza kusema kama watu wenyewe. Wanagombana, wanaringa, wanaogopa neno litakalowaharibia jina mbele ya kamera. Guillaume anakasirika kabisa: dunia inaharibika, nao wanacheza upuuzi! Kazi hii ina faida gani tena? Ndipo simu inalia. Mwongozaji mkubwa wa Marekani, Paul Thomas Anderson, anamtaka katika sinema yake. Hasira yote inayeyuka kama siagi juani. Dunia imepona! Ni nani asiyecheka hapo?

Tena juu yao wote kuna bwana wa ajabu. Kumbe sinema wanayoicheza imeandikwa na kuongozwa na akili bandia, yaani mashine iliyofundishwa kupanga maneno na picha. Bwana huyo anaonekana katika kompyuta ndogo inayobebwa mikononi. Anawashukuru kwa sauti ya upole, kisha anawakata malipo kwa kuwa wameacha maneno yaliyoandikwa. Ukimweleza shida yako, anakujibu kwa adabu, wala hakusikii. Jambo hili halikuzushwa bure. Mwaka 2023 waandishi wa sinema wa Marekani waligoma siku 148, na wachezaji siku 118, na mashine za namna hii zilikuwa mojawapo ya sababu.

Lakini mtu tunayetaka kumtazama zaidi ni mwingine. Ni yule mwenye mkahawa, anayechezwa na Manuel Guillot. Katika hadithi yeye ni mchezaji mdogo, aliyepewa kazi moja tu: kuwamiminia wageni divai. Lakini akisimama mbele ya wakubwa, mkono wake watetemeka. Anamimina, divai yamwagika mezani. Anajaribu tena, ni vilevile. Wakubwa wanachoka naye. Mwishowe anatoka, anaingia katika gari lake, anajipiga risasi. Halafu twaonyeshwa kwamba hata hayo yalikuwa mchezo. Nasi tunaotazama twashusha pumzi, twaendelea kucheka.

Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Mtu anapoyacheka makosa yake mwenyewe mbele ya watu, je, ameanza kujirekebisha? Au amepata tu njia ya kupendeza ya kuendelea nayo?

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kujicheka ni jambo jema. Nyani haoni kundule, lakini anayejicheka amegeuza shingo akaliona. Watu wa kazi yoyote wasioweza kujicheka wana kiburi, na kiburi hufunga masikio. Mtunga sinema huyu alikuwa na ujasiri wa kuwaambia matajiri wa kazi yake, siku ya karamu yao, kwamba wana wivu, wana woga na wanapenda sifa. Tumpe heshima yake.

Lakini tuangalie pia hatari. Mtu akijicheka kwanza, amewanyang'anya wengine fimbo. Nani atamkaripia, naye amekwisha kusema yote? Twayajua mambo haya hata mbali na sinema. Mwalimu anasema kwa kicheko: "Sisi walimu, madaftari kwetu hulala mwezi mzima!" Wenzake wanacheka, wanampenda kwa ukweli wake, na madaftari yanaendelea kulala. Mtoto aliyeandika kwa bidii anangoja bado. Kicheko ni kama taa: chaonyesha uchafu nyumbani, lakini kufagia kwataka ufagio na mgongo wa kuinama.

Tena huko Cannes uchafu ulikuwapo. Siku chache kabla ya sikukuu hiyo ya mwaka 2024, wafanyakazi wa sikukuu za sinema waliojiunga pamoja walitoa mwito wa kugoma. Hao ndio watu wanaofanya kazi nyuma ya pazia ili wakubwa waonekane mbele. Kazi yao ni ya siku au majuma machache, kisha wanakaa bila kazi hadi sikukuu nyingine. Ufaransa ina mpango wa pekee, ulioanzishwa mwaka 1936, kwa watu wa sinema na michezo wanaofanya kazi kwa vipindi: aliyetimiza saa 507 katika miezi 12 hupewa msaada siku asizo na kazi. Lakini wengi wa wafanyakazi wa sikukuu hawahesabiwi katika mpango huo. Hawakuomba kupita juu ya zulia jekundu. Waliomba kuhesabiwa. Basi mkono unaotetemeka haukuwa ndani ya picha tu. Ulikuwa pia mlangoni mwa nyumba ile ile ilimoonyeshwa picha.

Tukumbuke jinsi sinema ilivyoanza. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, picha zinazotembea za ndugu wawili wa jamaa ya Lumière zilionyeshwa watu, kwa malipo. Moja ya picha hizo fupi yaonyesha wafanyakazi, wanawake na wanaume, wakitoka katika kiwanda cha Lumière mjini Lyon. Wanapita mlangoni, wanakwenda zao. Basi miongoni mwa walioonekana katika siku hiyo ya kwanza walikuwamo watu wa mikono. Wachezaji mashuhuri walikuja baadaye.

Ndiyo maana twasema: uzuri mkubwa wa Le Deuxième Acte hautoki katika mzaha wake juu ya wakubwa. Wakubwa watacheka, watapiga makofi, kesho watarudi kazini wakiwa vilevile. Uzuri wake ni kwamba imemweka mtu mdogo katikati ya meza, na kutulazimisha kuutazama mkono wake. Anayeondoka akikumbuka simu ya Guillaume amefurahi. Anayeondoka akiukumbuka mkono ule, akamtafuta mwenye mkono kama huo mahali pake pa kazi, huyo amefaidika.

Basi wasomaji wapenzi, tunapoyacheka makosa yetu, tusione haya, tucheke. Lakini kicheko kikiisha tuulize neno moja: kosa hili tulilolicheka, nani hulibeba? Tukimjua, twende tumpokee mzigo wake. Pale karani anapocheka uchelewaji wake, kuna mama aliyekaa dirishani tangu asubuhi. Pale bwana wa karakana anapocheka ubahili wake, kuna kijana anayesubiri malipo ya juma lililopita. Huyo mama na huyo kijana ndio watakaotuambia kama tumejirekebisha.