Dawa kwa Kipimo Chake



Nabii Isaya alipotumwa kwa mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Mungu aliyeahidi kumponya hakuidharau dawa. Tena Paulo alipomshauri Timotheo atumie mvinyo kwa ajili ya tumbo lake, alimwambia kidogo. Basi twajifunza mambo mawili: dawa ni zawadi, nayo zawadi hiyo ina kipimo chake.

Twasema haya kwa ajili ya wazee wetu wenye shinikizo la damu, yaani presha. Mzee hupewa vidonge hospitali. Kichwa kikimwuma hununua vingine duka la dawa kando ya barabara kuu. Kisha mwanawe aliyeko Dar es Salaam humletea vingine tena. Majina ya pakiti ni mbalimbali, kumbe dawa iliyomo ni ile ile moja, amlodipini. Dawa hiyo yaweza kuvimbisha miguu. Naye akidhani ni ugonjwa mpya, huongeza dawa ya kukojoza. Mwili hupungukiwa maji na chumvi. Usiku akiinuka kwenda chooni, kizunguzungu humshika, huanguka, nyonga huvunjika. Na yule aumwaye magoti kwa ajili ya jembe hunywa diklofenaki kila siku, asijue ya kuwa dawa hiyo huweza kupandisha presha na kuumiza figo.

Wako pia wapeanao vidonge, jirani kwa jirani. Ni upendo, lakini upendo usio na maarifa. Amri ya tano yatukataza kuua. Nayo Katekisimo yatufundisha ya kuwa haitoshi kutomdhuru jirani, ila yatupasa kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake.

Basi, ninyi wainjilisti na wazee wa kanisa, wasaidieni hivi. Kwanza, dawa zote za mzee, hata za mitishamba, zitiwe katika mfuko mmoja, zipelekwe kwa daktari azitazame. Pili, ombeni apimwe presha akiwa ameketi, tena akiwa amesimama. Tatu, aliyesahau kidonge asimeze viwili kesho yake. Nne, mtu asiache dawa ghafula kwa shauri lake mwenyewe, wala kwa neno la mhubiri amwambiaye ya kuwa kumeza dawa ni kukosa imani. Kwa maana presha isiyotunzwa huweza kupasua mishipa ya kichwani, mtu akapooza au akafa.

Amri ya kwanza yatutaka tumtumaini Mungu kuliko vitu vyote. Amtumainiye hivyo haongezi kidonge kwa hofu, wala hakitupi kwa kiburi. Humeza kilichopimwa, hushukuru, hulala kwa amani.