Mgeni na Mwenyeji Wake

Sifa njema zote ni za Allah, aliyeumba kila mnyama na kumpangia riziki yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, mcheni Allah.

Julai 2015 dunia iliwaka hasira kwa ajili ya simba mmoja. Nje ya mpaka wa Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, mtalii wa Kimarekani, daktari wa meno, alimpiga mshale simba aitwaye Cecil, ambaye aliachwa na jeraha lake hadi siku ya pili ndipo akamalizwa. Shingoni alivaa ukanda wa watafiti wa Oxford. Watu walijazana nje ya kliniki ya daktari yule, wengine wakamtishia kumuua.

Kuchukia kitendo kile ni haki. Mtume ametuamrisha tunoe kisu tunapochinja ili mnyama asiteseke. Lakini kumtishia mtu roho yake si haki. Katika Suratul Maida Allah ametukataza chuki isitutoe kwenye uadilifu. Tena hasira ile ilimpita kando mwenyeji aliyemwongoza. Mgeni hakuyajua mapito ya simba, yupo aliyempeleka.

Sasa tuje kwetu Kizimkazi, ambako wenyeji wa wageni wanaokuja kuona pomboo ni sisi. Boti zinalizunguka kundi moja la pomboo, mashine zinanguruma, nahodha anapiga kelele "Ruka! Ruka!", na wageni wanajitosa juu ya mama na mtoto wake. Pomboo huvuta hewa kama sisi. Akifukuzwa asubuhi nzima, atapumzika saa ngapi, atanyonyesha saa ngapi? Sahaba walipochukua makinda ya ndege safarini, mama yao akaja akipigapiga mbawa, Mtume aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamuru warudishwe.

Manahodha, mkiwaona pomboo punguzeni mashine, kaeni pembeni, msiwakatie njia. Wakiwa na mtoto, msimshushe mgeni majini. Boti nyingine zikiwa zimetangulia, ngojeni zamu au geuzeni.

Na nyinyi vijana mnaouza safari ufukweni, mwambieni mgeni ukweli kabla hajatoa pesa: pomboo hutazamwa, haguswi. Aliyeahidiwa kumgusa atadai alichokilipia, na nahodha atalazimika kumfukuza mnyama ili ahadi yako itimie.

Nasema haya, nami namuomba Allah msamaha kwangu na kwenu.