Mtoto Anayekwama Ana Ujira Mara Mbili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi,

Likizo inakaribia. Wengi wetu tutapanda basi tuifuate barabara ya RN3, tupite Kabezi, Magara na Minago mpaka Rumonge, na wengine wataendelea hadi Nyanza-Lac. Tukifika nyumbani tutaombwa yale yale ya kila mwaka: "Wewe uko chuo kikuu, njoo utusaidie madrasa." Au: "Hebu mwangalie huyu mdogo wako, shule imemshinda." Leo ninataka tukumbushane habari ya huyo mdogo ambaye shule imemshinda.

Bibi Aisha (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba aliye hodari wa kusoma Qur'ani atakuwa pamoja na malaika waandishi watukufu, na yule anayeisoma kwa kukwama-kwama, nayo inamuwia nzito, ana ujira mara mbili. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wameeleza kuwa ujira mmoja ni wa kule kusoma, na wa pili ni wa ile tabu anayoipata.

Tuitazame vizuri hadithi hii. Mtume (s.a.w.) hakumwita anayekwama mvivu, wala hakumweka nyuma ya darasa. Amemtaja pamoja na hodari, katika maneno yale yale, na akamtajia malipo yake. Sasa tujiulize: mtoto anayekwama katika madrasa zetu na shule zetu, sisi tunampa nini? Mara nyingi tunampa fimbo, kicheko na jina baya. Mola anamwandikia mara mbili, na sisi tunamchapa mara mbili: asubuhi shuleni, jioni madrasa.

Ninayasema haya nikiwa mmoja wa waliokosea. Miaka mitatu iliyopita nilifundisha wakati wa likizo katika madrasa moja karibu na ziwa. Palikuwa na mtoto wa miaka kama tisa. Sura za Juzuu Amma alikuwa akizishika kwa kusikia tu. Ukimsomea mara mbili tatu, anakurudishia bila kosa. Lakini ukimwekea herufi mbele yake, anabahatisha. Leo baa anaijua, kesho anaiita taa, keshokutwa nuun. Niliona kwamba ananichezea, maana mwenye akili ya kuhifadhi vile atashindwaje na nukta moja? Nikamchapa. Nikamsimamisha asome mbele ya wenzake, wakacheka, na sikuwakataza. Wiki ya tatu hakuja. Nilipouliza, mama yake akasema sasa asubuhi anakwenda mwaloni kuanika ndagala, kwa sababu "kusoma si kwake".

Mwaka uliofuata, katika somo la saikolojia ya elimu hapa chuoni, mwalimu alitueleza juu ya disleksia. Nilikuwa nikiandika maelezo, kalamu ikasimama. Kila alichokisema nilikuwa nimekiona kwa mtoto yule. Likizo ilipofika nilikwenda nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Alikubali kwa kichwa, hakusema neno. Darasani hajarudi mpaka leo ninapoandika.

Disleksia ni nini? Ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti yake, ambao mtu huzaliwa nao na mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja, kwa baba na mwana, kwa mjomba na mpwa. Si uvivu, si laana, na si upungufu wa akili. Mtoto mwenye hali hii anaweza kuwa mwepesi wa hesabu za kichwani, wa kusimulia, wa kutengeneza vitu kwa mikono. Na si hali hiyo peke yake. Yupo mtoto ambaye macho yake hayaufikii ubao, na hajawahi kumwambia mtu kwa sababu anadhani wote wanaona hivyo. Yupo ambaye masikio yamemuuma tangu utotoni na anasikia nusu ya maneno. Yupo asiyeweza kutulia mahali pamoja. Wote hawa, kwa mwalimu mwenye haraka, wana jina moja: mjinga.

Hapa kwetu kando ya Tanganyika kuna jambo jingine la kuongeza. Mtoto wa Rumonge huzungumza Kiswahili nyumbani, akiingia shule ya msingi, hizi tunazoziita ECOFO, anakuta Kirundi, kisha Kifaransa, na jioni Kiarabu cha madrasa. Wengi wao wanaimudu mizigo hiyo, alhamdulillahi, lakini kwa anayekwama kila lugha inaongeza uzito. Na tusiwasahau ndugu zetu waliorudi kutoka Tanzania. Mwaka 2012 kambi ya Mtabila kule Kasulu ilipofungwa, walirudi maelfu ya watu, na kabla yao walirudi wengine ambao wazee wao walikimbia mwaka 1972. Mtoto aliyezoea kusoma kwa Kiswahili akikalishwa mbele ya kitabu cha Kirundi, kisha akarudishwa mwaka kwa kukosa kujibu, huyo hakushindwa na somo. Hakuielewa lugha aliyoulizwa.

Basi tufanye nini? Tuanze kwa kumtazama mwalimu wetu mkuu (s.a.w.) alivyofundisha.

Muawiya bin al-Hakam (r.a.) alikuwa mgeni katika dini, akazungumza katikati ya swala. Watu wakamkazia macho. Baada ya swala Mtume (s.a.w.) alimweleza kwa upole kwamba swala si mahali pa mazungumzo ya watu. Na Muawiya mwenyewe akasimulia, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kwamba hakupata kuona mwalimu bora kuliko yeye: hakumkemea, hakumpiga, hakumtukana.

Anas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akilirudia neno mara tatu ili lieleweke. Ibn Masud (r.a.) amesimulia kwamba aliwachagulia siku za mawaidha ili wasichoke. Ni yeye huyo aliyesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwachorea umbo la pembe nne na mistari ili kuwafahamisha mwanadamu, ajali yake na matumaini yake marefu. Na katika Abu Daud tunasoma habari ya mtu aliyekuja kusema kwamba hawezi kuhifadhi chochote katika Qur'ani, akaomba afundishwe cha kumtosheleza. Mtume (s.a.w.) hakumfukuza. Alimfundisha maneno mafupi ya kumtakasa na kumsifu Mwenyezi Mungu, akaondoka nayo.

Kurudia, kugawa somo vipande vifupi, kuchora, kumpa kila mtu kwa kadiri yake: haya ndiyo yanayofundishwa leo katika vyuo vya ualimu kwa ajili ya watoto hawa. Katika miaka ya 1930 kule Marekani, daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham walitengeneza njia ya kumsomesha mtoto anayekwama kwa jicho, sikio na mkono kwa pamoja: anaiona herufi, anaitamka sauti yake, anaiandika kwa kidole, yote kwa wakati mmoja. Njia hiyo haihitaji mashine. Mchanga wa ziwa ni bure.

Ukikabidhiwa mtoto wa namna hii likizo hii, mimi ninakushauri hivi.

Kwanza, chunguza kabla ya kuhukumu. Mwite kwa sauti ndogo ukiwa nyuma yake, uone kama amesikia. Mkalishe mbele, kisha nyuma, uone kama ubao anausoma sawasawa. Ukiona tatizo, waambie wazazi wampeleke kituo cha afya.

Pili, mfundishe herufi moja mpaka imkae. Ukimaliza baa usimletee taa siku hiyo hiyo, kwa sababu zinafanana na zitamchanganya. Mpe sin, iliyo mbali na baa kwa umbo na kwa sauti. Aiandike kubwa mchangani kwa kidole huku akiitamka. Kesho anza kwa kurudia ya jana.

Tatu, usimsimamishe asome mbele ya watu mpaka mwenyewe awe tayari. Msikilize pembeni. Na pale unapotaka kujua kama ameelewa somo la fiqhi au la historia, muulize kwa mdomo, usimlazimishe kuandika. Wewe unapima kama ameelewa, na mkono wake usimzuie kukuonyesha.

Nne, mpe mwenzake wa kukaa naye. Nabii Musa (a.s.) alimweleza Mola wake habari ya fundo katika ulimi wake, akaomba apewe ndugu yake Harun, aliye fasaha kuliko yeye, awe msaidizi. Mwenyezi Mungu alimkubalia. Ikiwa Nabii alipewa wa kumshika mkono, mtoto wa darasa la pili ataonewaje aibu kwa kuhitaji rafiki?

Najua yatakayosemwa. Ya kwanza: "Madarasa yamejaa, mwalimu mmoja atawezaje?" Ni kweli. Tangu ada ya shule ya msingi iondolewe mwaka 2005 watoto ni wengi na madawati ni machache, na mwalimu wa ECOFO amebeba mzigo ambao sisi hatujaubeba. Ndiyo maana ninazungumza na sisi tulio na likizo. Yeye ana darasa zima. Wewe nyumbani kwako unaye mmoja au wawili.

Ya pili: "Sisi tulichapwa, na tumefika chuo kikuu." Ndugu yangu, waliofika ni sisi ambao njia ile ilitufaa. Ambao haikuwafaa hawako hapa kutoa ushahidi. Wako mwaloni, wako kwenye michikichi wakikamua mawese, na ni kazi za halali zenye heshima, lakini wengine walizifuata kwa sababu tuliwaambia kwamba vichwa vyao havifai. Na wapo watakaoitaja hadithi ya mtoto wa miaka kumi na swala. Hiyo inamhusu aliyeamrishwa tangu miaka saba kisha akaiacha. Haimhusu mtoto anayejitahidi, akaitazama baa akaiona taa. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, isipokuwa akiwa katika jihadi.

Ndugu zangu, jamii yetu inaijua adha ya kuachwa nje ya darasa. Enzi za ukoloni shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazee wetu wengi walibaki nje. Tumelilalamikia jambo hilo miaka mingi, na tuna haki. Basi na sisi tusiwe wenye kumfungia mlango mtoto wa jirani. Nchi yetu iliridhia mwaka 2014 mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na Januari 2018 ikapata sheria yake. Sisi Waislamu tulikuwa na Suratu Abasa kabla ya hayo yote. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), kipofu, alikuja kutafuta elimu, Mtume (s.a.w.) akiwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi, na Mola akateremsha aya kwa ajili ya yule kipofu. Baadaye alikuwa mwadhini wa Mtume, na kuna safari ambazo aliachiwa Madina aisimamie.

Ninaomba jambo moja tu. Likizo hii kila mmoja wetu achukue mtoto mmoja aliyeambiwa kwamba kusoma si kwake, akae naye nusu saa kila siku, bila fimbo. Tukirudi, tukutane tuelezane tulichokiona, pamoja na tuliposhindwa.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa watoto tuliowavunja moyo kwa ujinga wetu. Wafungulie wanaokwama, na utupe sisi subira ya kukaa nao. Utujaalie elimu yetu iwe nuru kwao, wala isiwe hoja dhidi yetu Siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi tawfiq.