Picha na Shahidi Wake

Mwezi wa Mei 1904, katika misheni ya Baringa, ndani ya Kongo iliyokuwa milki ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alifika mtu aitwaye Nsala akiwa na kifurushi cha majani, na kilipofunguliwa mlikuwamo mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa ABIR, kampuni ya mpira. Mmisionari Mwingereza, Alice Harris, akamketisha barazani, viungo vile vikiwa mbele yake, akampiga picha.

Taswira hiyo ikaonyeshwa katika mikutano ya Uingereza na Marekani, na wengi waliokuwa wakidai hujja wakasadiki. Lakini walisadiki nini hasa? Jicho peke yake huona mtu aliyeketi na vitu viwili vidogo sakafuni. Kwamba vilikuwa viungo vya mtoto, kwamba mtoto huyo alikuwa wake, na kwamba waliomkata walitumwa kudai mpira, hayo hayamo pichani, bali yalitoka kinywani mwa Nsala. Picha huthibitisha kuwa jambo lilikuwapo. Sababu yake na mwenye dhambi hutajwa na shahidi, na ikiwa shahidi hayupo, dhalimu hujitwalia kazi ya kufasiri, kama walivyofanya watetezi wa Leopold waliodai kwamba kijana mmoja aliyekatwa mkono aling'atwa na nguruwe mwitu.

Dhuluma ya pili, ile ya kutowaamini mashahidi, naiona nzito kuliko inavyodhaniwa. Wakongo walikuwa wamekwisha kusema miaka mingi kabla ya kamera kufika, na baadaye, mbele ya Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Leopold mwenyewe, jumbe Lontulu aliweka vijiti 110, kila kimoja kikisimama badala ya mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Tume ikatoa ripoti yake mwaka 1905, ilhali maneno ya mashahidi wenyewe yakafungiwa makabatini, yasichapishwe. Ulimwengu uliiamini mashine, ukamtilia shaka binadamu aliyefiwa. Nami sioni hoja ya akili inayoweza kuhalalisha mizani hiyo, kwa kuwa mashine haikujua lolote ila kwa idhini ya huyo huyo.

Basi, msomaji, uonyeshwapo leo picha ya madhila ya vita, usihukumu kabla hujauliza aliyepatwa alisema nini, na maneno yake yamewekwa wapi.