Kufaulu na Kukosa: Swali la Tawakali kwa Mwanasayansi Anayetafuta Kazi

Mhitimu wa sayansi anapokosa kazi aliyoiomba huumia mara mbili: kwanza kwa kukosa mshahara, jambo ambalo kila mtu nyumbani kwake analielewa, na pili kwa maana anayoipa hasara hiyo, na maumivu haya ya pili ndiyo ambayo dini na falsafa zimeshughulika nayo tangu kale. Mtu aliyefunzwa kwa miaka mingi kusoma matokeo ya majaribio na kutafuta sababu nyuma ya kila tofauti ndogo, hawezi kwa urahisi kuyatazama matokeo ya usaili kama jambo lisilosema kitu. Huyasoma kama anavyosoma kipimo cha maabara, akiamini kwamba kilichopimwa ni yeye mwenyewe. Swali la kujiuliza, basi, ni kama kukosa kazi kunaweza kuitwa hukumu, yaani kauli inayosema jambo la kweli juu ya thamani ya aliyekosa.

Utaratibu wa ajira za umma nchini Tanzania una jibu lake, ingawa haukuundwa kwa ajili ya kujibu swali hilo. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoanzishwa kwa marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, huwapitisha waombaji katika usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida ni mtihani wa kuandika, kisha, kwa kada zinazohitaji, usaili wa vitendo, na hatimaye usaili wa mahojiano mbele ya jopo. Msailiwa hutakiwa kufika na vyeti vyake halisi, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha shahada, na hati ya matokeo ya muda haipokelewi. Waliofaulu lakini wakakuta nafasi zimejaa huingizwa katika kanzidata, yaani hifadhi ya majina ya watu wanaoweza kupangiwa kazi nafasi nyingine ya kada yao ikitokea. Kuwapo kwa kanzidata ni ungamo rasmi kwamba kufaulu na kupata ni mambo mawili, na kwamba mteknolojia wa maabara anayerudi kwao mikono mitupu huenda amekwisha kuthibitishwa na jopo kuwa anaifaa kazi ile ile aliyoikosa. Ni kweli kwamba maelezo hayo hayamsaidii sana anapoulizwa na shangazi yake kama wamemwita. Swali la shangazi lina majibu mawili tu, ndiyo au bado.

Hata hivyo dhana kwamba aliyekosa lazima ana kasoro ni ya zamani kuliko usaili wa aina yoyote, na mahali ilipochunguzwa kwa kina kirefu zaidi ni katika Kitabu cha Ayubu. Elifazi, Bildadi na Sofari waliposikia mateso yaliyompata rafiki yao Ayubu walikwenda wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno, na pengine hizo ndizo siku walizomfariji vizuri kuliko zote. Walipofungua vinywa, hoja yao, pamoja na ufasaha wake wote, ilikuwa moja: Mungu ni mwenye haki, mateso ni malipo ya kosa, kwa hiyo anayeteseka achunguze alipokosea. Mwishoni mwa kitabu wanaokemewa na Mungu ni hao watatu waliojifanya mawakili wake. Hoja yao imebaki hai hadi leo, isipokuwa kwamba soko la ajira limewekwa mahali pa Mungu: kijana huambiwa kwamba angechapisha makala moja zaidi, kwamba hakujieleza vizuri, kwamba alama zake zingekuwa juu kidogo angechukuliwa. Kila moja ya kauli hizo inaweza kuwa kweli kwa mtu fulani. Kosa la kimantiki la hoja hiyo ni kuanza na matokeo na kurudi nyuma kutafuta hatia itakayolingana nayo, njia ambayo mtafiti yeyote angeikataa iwapo ingetumika katika tasnifu ya mwanafunzi wake.

Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliligusa jambo hili katika mhadhara alioutoa München mwaka 1917 kuhusu sayansi kama wito, uliochapishwa mwaka 1919. Aliwaeleza vijana waliomsikiliza kwamba katika kazi ya kitaaluma bahati ina nguvu isiyo ya kawaida, na akakiri kwamba yeye mwenyewe alipata uprofesa akiwa na umri mdogo kwa bahati, wakati wenzake wa rika moja walikuwa wamefanya makubwa zaidi. Maelezo yake hayahitaji dhana ya upendeleo wala rushwa, ambavyo vipo na ni uovu wa namna nyingine. Nafasi ikiwa moja na wanaoistahili kumi, uteuzi lazima uamuliwe na tofauti ambazo hazina uzito wa kutosha kubeba hukumu: somo dogo ambalo mmoja wa wajumbe wa jopo analipenda, swali lililomwangukia huyu badala ya yule, mradi uliopata ufadhili mwaka huo. Mwanasayansi anapaswa kuwa mtu wa kwanza kulitambua hili, kwa sababu anajua kwamba kipimo kimoja kilichochukuliwa mara moja hakitoshi kuthibitisha chochote.

Faraja inayotolewa zaidi katika jamii za Waswahili, za Kiislamu na za Kikristo, ni ya riziki: kwamba kila mtu ana fungu lake kwa Mungu, na lililo lake halitampita. Faraja hii ina heshima yake, lakini inapotumiwa kwa haraka hufanana kuliko inavyodhaniwa na hoja ya rafiki zake Ayubu, kwa kuwa nayo pia huyafanya matokeo ya usaili kuwa ujumbe uliotumwa kwa mtu mmoja mahsusi. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa mwangalifu zaidi. Katika sehemu ya kitabu chake Ihyaa Ulumuddin inayohusu tawakali, yaani hali ya moyo kumtegemea Mungu, alitaja ngazi tatu: ya mwenye kesi anayemwamini wakili wake, ya mtoto mchanga kwa mama yake, na ya maiti mikononi mwa anayemwosha. Ngazi ya kwanza ndiyo ya chini, lakini ndiyo inayomhusu mtafuta kazi. Mwenye kesi anayemwamini wakili huleta hati zake anapotakiwa kuzileta na hufika mahakamani siku iliyopangwa, na kufanya hivyo ni sehemu ya kumwamini. Asichokibeba ni mzigo wa uamuzi. Kwa mtazamo huo msailiwa aliyepanga vyeti vyake halisi katika bahasha na kusoma usiku kucha hajapunguza tawakali yake hata kidogo, wala kutoitwa kwake hakumwambii Mungu anamwonaje. Inafaa kukumbuka kwamba Ghazali alikiacha kiti cha ualimu katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad mwaka 1095 kwa hiari yake. Kuachia cheo ulichonacho na kunyimwa ambacho hujawahi kukipata ni mitihani miwili tofauti, na wa pili haujapata waandishi wengi.

Wastoiki, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, walikaribia hapo kwa njia nyingine. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa na baadaye akafundisha Nicopolis baada ya wanafalsafa kufukuzwa Roma, aligawa mambo yote katika mafungu mawili: yaliyo katika uwezo wetu, kama vile maamuzi na matamanio ya akili, na yasiyo katika uwezo wetu, kama mali, sifa na cheo. Ajira iko wazi katika fungu la pili. Tiba hii ni nzuri kwa aibu, lakini kwa mwanasayansi wa maabara ina upungufu ambao hautajwi vya kutosha, kwani kwake kazi si cheo tu. Mshairi asiye na ajira bado anaweza kutunga, na mwanahisabati anaweza kuendelea kwa karatasi na kalamu, ilhali mtafiti wa vimelea vya malaria asiye na hadubini, friji ya sampuli na kibali cha maadili ya utafiti amezuiwa kutenda kile alichofunzwa kuwa. Anachokikosa ni utendaji wa akili yake yenyewe, na kumwambia kwamba hicho ni kitu cha nje ni kutomsikiliza.

Kwa sababu hiyo mfano wa Einstein, ambao huletwa mara nyingi mno, haumfai kila mtu. Alihitimu Zürich mwaka 1900, akaomba kazi ya msaidizi kwa maprofesa wengi bila mafanikio, hata baba yake, Hermann, akamwandikia kwa siri mwanakemia Wilhelm Ostwald wa Leipzig mwaka 1901 akimsihi amtie moyo mwanawe; mwaka 1902 akaajiriwa katika ofisi ya hataza mjini Bern, na makala zake kuu zikatoka mwaka 1905. Hermann alifariki Oktoba 1902 bila kuziona makala hizo. Lakini kazi ile ilihitaji meza tu. Mfano wa Douglas Prasher unasema kweli zaidi. Mmarekani huyu alitenga na kusoma jeni ya protini inayong'aa kijani kutoka kwa yavuyavu, kiumbe laini wa baharini, akachapisha matokeo mwaka 1992. Aliponyimwa ufadhili wa kuendelea aliwapa wengine jeni hiyo na kuondoka katika taasisi yake. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2008 ilipotolewa kwa kazi iliyotegemea jeni hiyo, Prasher alikuwa dereva wa gari la kusafirisha wateja wa duka la magari huko Huntsville, Alabama. Wawili kati ya washindi, Martin Chalfie na Roger Tsien, waliikiri michango yake, na baadaye alirudi maabara kwa muda. Hakuna tafsiri ya haki inayoweza kusema kwamba usukani ule ulipima akili yake, wala kwamba ulikuwa fungu lake lililoandaliwa ili apate funzo.

Ikiwa hivyo ndivyo, huzuni ya aliyekosa haina sababu ya kuonewa haya, na dini zenyewe hazikuiharamisha: Yakobo, ambaye Waislamu humwita Yaakub, alimlilia Yusufu, na katika simulizi ya Kurani macho yake yalipofuka kwa huzuni bila subira yake kutiliwa shaka. Wala hakuna andiko linaloweka idadi ya miaka ya kusubiri. Mwanabiolojia anayeamua kufundisha shule ya sekondari au kufuga kuku kwa maarifa ya chanjo aliyonayo amefanya uamuzi ulio katika uwezo wake, na huenda uamuzi huo ukawa sahihi hata kama utamuuma daima.

Linalobaki ni wajibu wa upande wa pili, ambao waandishi wa subira huusahau kwa kuwa wamezoea kumhutubia anayesubiri. Tangazo likimwambia mwombaji asiyeona jina lake ajihesabu kwamba hakufanikiwa, bila kueleza alama zake, kiwango cha mchujo wala idadi ya waliomtangulia, linamwachia pengo ambalo atalijaza mwenyewe kwa dhana mbaya kuliko ukweli. Taasisi zinazoajiri watafiti zina takwimu hizo kwenye kompyuta zake tayari, na kuzitoa hakuhitaji sheria mpya wala bajeti kubwa.